Je, umbo la meno ya mbele linaonyesha kama fizi ni nene au nyembamba?

MwalimuWaNyakato aliandika:

Habari zenu wanajukwaa, na kwa walionizidi umri, shikamooni.

Ninaishi Nyakato, hapa Mwanza, na ninaomba ufafanuzi wa jambo la kitabibu ambalo kliniki mbili zimenieleza kwa namna tofauti. Jino langu moja la mbele, la juu upande wa kulia, lilivunjika kona nilipoteleza kwenye ngazi za mawe kule Mabatini wakati wa mvua. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mzizi ni mzima, na jino haliumi isipokuwa linapoguswa na maji ya baridi. Kliniki ya kwanza ilinishauri jino lichongwe pande zote na kuvikwa krauni, yaani kofia ngumu inayofunika jino zima, ambayo ukingo wake ungefichwa chini ya ufizi ili usionekane. Katika kliniki ya pili, daktari aliniomba nitabasamu, akayatazama meno yangu kwa muda, kisha akaniambia kwamba mtu mwenye meno ya mbele marefu na membamba, yanayozidi kupungua upana kadiri yanavyoukaribia ufizi kama yalivyo yangu, mara nyingi huwa na fizi nyembamba. Alieleza kwamba fizi za namna hiyo zikichokozwa hurudi nyuma, kwa hiyo ukingo uliofichwa leo unaweza kuonekana baada ya muda, tena ukiwa na mstari wa kijivu.

Ninataka kuelewa mambo haya kabla sijakubali jino langu lichongwe, kwa kuwa najua jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Je, ni kweli kwamba umbo la jino linahusiana na hali ya ufizi, au ni makadirio ya daktari mmoja tu? Dada yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, ana meno mapana ya mraba. Je, hiyo ina maana kwamba fizi zake ni nene? Na kama uhusiano huo upo, unatosha kuamua aina ya matibabu?

Natanguliza shukrani.

---

TabibuWaKinywa_Mza alijibu:

Mwalimu, pole sana kwa ajali hiyo. Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Siwezi kukupangia matibabu bila kukuona, lakini swali lako la msingi lina historia ndefu katika taaluma yetu na linastahili kujibiwa kwa kirefu.

Daktari wa pili hakubuni jambo hilo. Mwaka 1969, watafiti Ochsenbein na Ross waliandika kuhusu fizi za aina mbili: zile bapa, ambazo ukingo wake unapita karibu kwa mstari ulionyooka kutoka jino hadi jino, na zile zenye ukingo unaopanda na kushuka kama mawimbi. Walizihusisha fizi bapa na meno ya umbo la mraba, na fizi za mawimbi na meno yanayopungua upana kuelekea kwenye ufizi. Mwaka 1989, Seibert na Lindhe walizigawa kwa namna inayofanana na hiyo, wakaongeza suala la unene: nene na bapa kwa upande mmoja, nyembamba na za mawimbi kwa upande wa pili. Mgawanyo huo ndio uliofundishwa kwa miaka mingi, na ndio ambao madaktari wengi huukumbuka wanapomtazama mgonjwa akitabasamu.

Sababu ya uhusiano huo iko katika maumbile yenyewe. Meno mawili ya mraba hugusana katika eneo refu linaloanza karibu na ncha ya kuuma hadi karibu na ufizi, hivyo nafasi inayobaki kati yao ni ndogo na ncha ya ufizi inayoijaza huwa fupi na pana. Meno ya umbo la pembetatu, yaani yale yanayopungua upana kuelekea kwenye ufizi, hugusana karibu na ncha ya kuuma tu, na chini ya hapo hubaki nafasi ndefu ambayo ufizi unapaswa kuijaza kwa ncha ndefu na nyembamba. Mfupa ulio chini nao hufuata mkondo huohuo: hunyanyuka kati ya meno na kushuka mbele ya kila jino. Kwa hiyo mawimbi unayoyaona kwenye ufizi ni sura ya mfupa na ya mpaka kati ya taji la jino, yaani sehemu inayoonekana, na mzizi wake.

Hapo ndipo ninapoomba uwe makini. Ukingo wa mawimbi na unene wa ufizi ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi hukutwa pamoja. Olsson na Lindhe walichapisha mwaka 1991 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wenye meno ya kati ya juu marefu na membamba walikuwa na fizi zilizorudi nyuma zaidi kuliko wenye meno mafupi na mapana. Mwaka 1993, pamoja na Marinello, waliwachunguza vijana wakakuta kwamba wenye meno marefu na membamba walikuwa na ukanda mwembamba zaidi wa ufizi mgumu, yaani ule usiotikisika unapouvuta mdomo, pamoja na ukingo wenye mawimbi makubwa zaidi. Hadi hapo picha inaonekana safi. Lakini mwaka 2009 De Rouck na wenzake, waliowachunguza watu 100 wenye fizi zenye afya, walipata makundi matatu, wala si mawili. Kundi la kwanza, karibu theluthi moja na wengi wao wanawake, lilikuwa na meno membamba na fizi nyembamba. Kundi jingine lilikuwa na meno ya mraba na fizi nene zenye ukingo bapa. Kundi la tatu, nalo karibu theluthi moja, lilikuwa na meno membamba na ukingo wa mawimbi, lakini fizi zake zilikuwa nene.

Kundi hilo la tatu ndilo jibu la swali lako. Kwa macho tu, mtu wa kundi la tatu na mtu wa kundi la kwanza wanafanana sana wanapotabasamu. Unaweza kuwa yeyote kati yao, na mpaka ufizi wako upimwe, hakuna anayeweza kusema kwa hakika.

Kuhusu dada yako, meno ya mraba yanaongeza uwezekano kwamba fizi zake ni nene na bapa, na kuzaliwa tumbo moja hakuwalazimu mfanane. Naye pia apimwe iwapo siku moja atahitaji matibabu ya meno ya mbele.

---

FundiWaMaabara_Igoma alijibu:

Nimshukuru daktari kwa maelezo yake. Ninatengeneza krauni na meno ya bandia, na ningependa kumweleza Mwalimu jambo moja linaloonekana mezani kwetu kila wiki.

Watu wengi wanadhani kazi ya fundi ni kulinganisha rangi ya jino. Rangi ni muhimu, lakini kwa meno ya pembetatu tatizo kubwa zaidi ni uwazi mweusi unaobaki kati ya meno mawili, karibu na ufizi, pale ncha ya ufizi inaposhindwa kuijaza nafasi yake. Tarnow na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1992, walipima umbali kutoka mahali meno yanapogusana hadi kwenye ukingo wa mfupa ulio kati yake. Umbali ulipokuwa milimita 5 au pungufu, ncha ya ufizi ilijaza nafasi karibu kila mara. Ulipofika milimita 6 ilijaza katika asilimia 56 ya nafasi zilizopimwa, na katika milimita 7 ilikuwa asilimia 27 tu. Milimita moja ndiyo inayotenganisha tabasamu lililojaa na lenye tundu jeusi, na meno ya pembetatu, kwa kuwa yanagusana karibu na ncha, yana umbali mrefu tangu mwanzo.

Kwa hiyo, Mwalimu, ikiwa mtaamua krauni, mwombe daktari azungumze na maabara kuhusu mahali jino jipya litakapogusana na jirani yake. Eneo la kugusana linaweza kushushwa kidogo kuelekea kwenye ufizi, na pande za jino zikajazwa kiasi, ili nafasi ipungue. Ila lazima ifanyike kwa kiasi, kwani jino moja likijazwa sana litaonekana kama la mtu mwingine, na pia litakuwa gumu kusafishwa.

Niongeze tahadhari moja kuhusu maumbo ya meno kwa jumla. Mwaka 1914 daktari wa meno Leon Williams alipendekeza kwamba umbo la jino la kati la juu hufanana na umbo la uso uliopinduliwa, kwa maana kwamba mwenye uso wa mraba ana meno ya mraba na mwenye uso unaochongoka kidevuni ana meno ya pembetatu. Watengenezaji wa meno ya bandia waliitumia kanuni hiyo kwa miongo mingi, lakini tafiti zilizofuata hazikuithibitisha. Ninalitaja hili kwa sababu ufizi nao usije ukawekewa kanuni nyepesi kiasi hicho.

---

MzeeWaKirumba alijibu:

Nimesoma kwa makini. Mimi ni mtu mzima, nimefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na meno yangu ya mbele ni mapana na ya mraba kabisa. Kwa maelezo ya daktari, fizi zangu zilipaswa kuwa nene. Lakini fizi za meno yangu ya mbele ya chini na za chonge zote mbili za juu zimerudi nyuma hadi mizizi inaonekana, na maji ya baridi yananiuma. Nimetumia mswaki wa mti tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilisugua kwa mkaa uliosagwa na chumvi kwa sababu meno yalikuwa yanang'aa. Je, hali yangu haipingi nadharia hiyo?

---

TabibuWaKinywa_Mza alijibu:

Shikamoo mzee. Swali lako linagusa jambo ambalo nilipaswa kulieleza zaidi, nalo ni kwamba ufizi mnene hustahimili, lakini haulindi dhidi ya kila kitu.

Sehemu ulizozitaja hazishangazi. Chonge hukaa kwenye kona ya taya, mzizi wake umejitokeza nje, na mfupa ulio mbele yake huwa mwembamba hata kwa mtu mwenye fizi nene kwingineko. Meno ya mbele ya chini nayo mara nyingi hufunikwa na mfupa mwembamba sana upande wa mdomo. Mfupa unaoufunika mzizi upande wa mbele, kwa watu wengi, haufiki hata milimita moja. Kwa hiyo unene wa ufizi hubadilika kutoka jino hadi jino katika kinywa kimoja, na hii ni sababu nyingine ya kutomhukumu mtu kwa kuyatazama meno mawili ya kati peke yake. Mkaa uliosagwa una chembe zinazokwaruza, na ukisuguliwa kwa kupeleka mbele na nyuma kwa nguvu, huchubua ufizi na kula mzizi uliokwisha kuwa wazi. Mswaki wa mti wenyewe si mbaya, mradi nyuzi zake zilainishwe vizuri na upelekwe kutoka kwenye ufizi kuelekea kwenye ncha ya jino. Nakuomba uache mkaa, na umwone daktari ili apime kama kuna ugaga, yaani uchafu uliogandamana na kuwa mgumu kwenye jino, uliojificha chini ya ufizi.

Ninasisitiza ugaga kwa sababu fizi nene zina namna yake ya kuugua. Ufizi mwembamba ukishambuliwa na utando wa bakteria au ukichubuliwa, hunywea na kurudi nyuma, na mtu huliona tatizo kwenye kioo. Ufizi mnene huelekea kuvimba, kuwa mwekundu na kutengeneza mfuko kati yake na mzizi, huku ukingo wake ukibaki palepale. Mwenye fizi hizo anaweza kupoteza mfupa mwingi bila kuona badiliko lolote, akashtuka jino linapoanza kutikisika. Watu huwahurumia wenye fizi nyembamba, lakini nimewaona wengi wenye fizi nene waliochelewa kwa sababu hiyohiyo ya kuonekana wazima.

---

MwalimuWaNyakato aliandika:

Shikamoo Mzee wa Kirumba, na asanteni nyote. Nimeelewa kwamba umbo la meno yangu ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, lakini kipimo ndicho kitakachoamua. Daktari, naomba unieleze ufizi hupimwaje unene wake, na kama kipimo hicho kinauma. Pia fizi zangu ni nyeusi, kama za watu wengi wa familia yetu. Je, weusi huo una maana yoyote kuhusu unene?

---

TabibuWaKinywa_Mza alijibu:

Weusi wa fizi zako ni rangi ya asili tu, sawa na rangi ya ngozi, na hauonyeshi unene wala ugonjwa.

Kipimo kinachotumika zaidi ni rahisi. Daktari huchukua probu, yaani kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, na kukiingiza taratibu kwenye mfereji mdogo ulio kati ya ufizi na jino, upande wa mbele. Kivuli cha chuma kikionekana kupitia ufizi, ufizi huo ni mwembamba. Kisipoonekana, ni mnene. Kwenye kongamano la kimataifa lililofanyika mwaka 2017, ambalo taarifa zake zilichapishwa mwaka 2018, wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikubaliana kutumia njia hii, wakahesabu ufizi wa milimita 1 au pungufu kuwa mwembamba, na unaozidi hapo kuwa mnene. Walisisitiza pia kwamba pamoja na unene, upana wa ufizi mgumu na unene wa mfupa vizingatiwe. Hakuna maumivu isipokuwa ufizi uwe na uvimbe, na kama upo, uvimbe utibiwe kwanza kwa sababu ufizi uliovimba huonekana mnene kuliko ulivyo.

Kwa fizi zenye rangi nzito, kivuli cha probu kinaweza kufichwa na rangi hiyo, na daktari akadhani ufizi ni mnene. Kwa hiyo mwombe atumie mwanga wa kutosha, na achague mahali ambapo rangi ni hafifu, mara nyingi ukingoni kabisa mwa ufizi. Akiwa na shaka, anaweza kuweka ganzi na kupima unene moja kwa moja kwa kuchoma sindano nyembamba yenye kizuizi cha mpira hadi inapogusa jino au mfupa, kisha kuisoma kwa rula.

Sasa kuhusu uamuzi wenyewe. Kwa kona iliyovunjika kwenye jino ambalo mzizi wake ni mzima, mimi ningetaka kwanza kujua kama kujazwa kwa nyenzo ya rangi ya jino kungetosha, kwa kuwa kazi hiyo haichongi jino zima na haiugusi ufizi kabisa. Njia hiyo inafaa pale ambapo kipande kilichopotea si kikubwa mno, na ikichakaa inaweza kurekebishwa. Ikibidi krauni, na ikithibitika kwamba ufizi wako ni mwembamba, ukingo wake uwekwe nje ya ufizi au usawa nao, na iwe ya nyenzo isiyo na chuma ndani, ili hata ufizi ukirudi kidogo pasionekane mstari wa kijivu. Kuna sababu ya kimaumbile ya kutouzika ukingo ndani sana: ufizi hujishikiza kwenye jino kwa kamba laini iliyo juu ya mfupa, ambayo Gargiulo na wenzake mwaka 1961 walikuta wastani wake ni takribani milimita 2, na ukingo ukiivamia nafasi hiyo, ufizi mwembamba hunywea na ule mnene huvimba bila kupona.

---

MamaWaSengerema aliandika:

Samahani kwa kuingia katikati ya mada. Binti yangu ana meno membamba ya pembetatu na tunatarajia afungwe nyaya za kunyoosha meno. Je, haya yanamhusu?

---

TabibuWaKinywa_Mza alijibu:

Yanamhusu, mama. Jino likisukumwa kuelekea mdomoni, nje ya mfupa wake, ufizi mwembamba ulio mbele yake unaweza kupasuka au kurudi nyuma, na hii huonekana zaidi kwenye meno ya mbele ya chini. Mwombe daktari apime fizi kabla ya kufunga nyaya, na kama ni nyembamba mno mahali meno yanapopelekwa, ajadili nanyi kuongeza unene kwa kipande kidogo cha tishu kinachotolewa kwenye kaakaa. Jambo jingine ni kwamba meno ya pembetatu yaliyopandana yakinyooshwa, uwazi mweusi alioueleza fundi unaweza kujitokeza mahali ambapo haukuonekana awali, kwa hiyo msishtuke. Pande za meno zinaweza kusuguliwa kidogo ili yagusane katika eneo refu zaidi.

---

MwalimuWaNyakato aliandika:

Nimepata miadi ya kliniki ya pili wiki ijayo. Nitamwomba daktari apime kwa probu kwenye meno yote sita ya mbele ya juu, aniandikie matokeo ya kila jino, na anieleze kwanza kama kujaza kunatosha. Kama atapendekeza krauni, nitamwomba tuzungumze pamoja na maabara kuhusu mahali pa kugusana kabla ya chochote kuchongwa. Dada yangu naye ameamua kufuatana nami ili fizi zake zisafishwe na kupimwa mifuko, baada ya kusoma maelezo kuhusu fizi nene.